Liulize Gari Kabla ya Kununua Spea

Kila askari anayakumbuka mafunzo ya siku zake za kwanza: silaha ikigoma haitupwi, wala haifunguliwi ovyo. Zipo hatua zilizopangwa, na mtu huzifuata moja baada ya nyingine mpaka kilichokwama kionekane. Naye mpelelezi wa polisi anajua kwamba mtu wa kwanza kukutwa mlangoni si lazima awe ndiye mwizi. La ajabu ni kwamba sisi hawa hawa, tukinunua gari lililokwisha kutumika na likaanza kutusumbua, tunayaacha mafunzo hayo kambini. Tunamwamini wa kwanza asemaye kwa sauti kubwa, tunafungua mkoba, tunanunua spea, na gari linabaki na ugonjwa wake ule ule.

Mimi nilikuwa mmoja wa hao, ingawa nilitumikia miaka kumi na miwili katika kikosi cha usafirishaji na nilijiona mjuzi wa magari. Aliyenifungua macho ni fundi mmoja mkimbizi kutoka Uvira, Kongo, afanyaye kazi chini ya turubai katika kambi ya Dzaleka nchini Malawi. Nayaandika aliyonionyesha kwa kuwa najua wenzangu wengi, wapatapo mkopo au kiinua mgongo, hufikiria gari kabla ya kufikiria jambo jingine lolote.

GARI DOGO, NGUVU KUBWA

Mwishoni mwa mwaka 2024 nilikuwa Lilongwe, mji mkuu wa Malawi, kwa kazi ya mkataba. Kwa akiba ya miaka mitatu nilinunua kwa mtu binafsi gari aina ya Volkswagen Golf GTI la mwaka 2006, la rangi nyekundu. Lilikuwa limetoka Japani, likapitia bandari ya Dar es Salaam na mpaka wa Songwe mpaka likafika kwa mwenyewe aliyeniuzia. Mita yake ilisoma kilomita 138,000.

Kwa msomaji asiyelijua gari la namna hii, yafaa nieleze kidogo. Ni gari dogo la nyumbani, ambalo mlango wake wa nyuma huinuka pamoja na kioo, lakini limetiwa injini yenye nguvu kupita umbo lake. Golf GTI ya kwanza ilionyeshwa mjini Frankfurt mwaka 1975 ikaanza kuuzwa mwaka 1976, na kiwanda kilikusudia kutengeneza magari 5,000 tu. Injini yake ya lita 1.6 ilikuwa na nguvu za farasi 110. Watu walilipenda mno, na viwanda vingine navyo vikaanza kutengeneza ya kwao. Hivi leo vijana wetu wanayajua magari ya jamaa hiyo: Toyota Starlet yenye turbo, Suzuki Swift Sport, Honda Civic Type R na mengineyo.

Langu lilikuwa la kizazi cha tano. Injini ni ya lita 2, nguvu zake ni farasi 200, na ina turbo. Turbo ni kifaa chenye magurudumu mawili madogo yaliyounganishwa kwa mhimili mmoja. Moshi utokao katika injini huzungusha gurudumu la kwanza, nalo la pili huishindilia hewa ndani ya injini. Hewa ikiwa nyingi, petroli nyingi zaidi huweza kuchomwa, na nguvu huongezeka. Katika mji kama Lilongwe, ulio kiasi cha mita 1,050 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza yapata sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Turbo huiziba pengo hiyo kwa kushindilia zaidi. Lakini mfumo wake ukivuja mahali, dereva huhisi mara moja kwamba gari limemfia mikononi.

Jambo moja sikulitia akilini nilipokuwa nikihesabu noti. Gari la namna hii mara nyingi huendeshwa kwa fujo na kila aliyepata kulimiliki, na mara nyingi huuzwa siku lilipoanza kudai matengenezo.

DALILI

Majuma mawili ya kwanza yalikuwa ya raha. Juma la tatu, asubuhi, injini ilipowashwa ikiwa baridi ilitetemeka kama mtu mwenye homa, kisha ikatulia. Siku mbili baadaye, nikipanda kilima kwa kasi na wenzangu watatu ndani, gari lilishtuka-shtuka, taa ya injini kwenye dashibodi ikaanza kuwaka na kuzima, na nguvu zikaisha. Nilikanyaga mpaka mwisho, lakini gari likawa linajikokota kama lori la matofali. Nilipolizima na kuliwasha tena, likarudi katika hali yake, kana kwamba halikuwa na lolote.

Nilimwendea fundi wa kwanza mjini. Bila ya kuuliza neno akasema ni plagi. Nikanunua plagi nne. Gari likatulia siku moja, kisha likarudia. Fundi wa pili akasema ni pampu ya petroli, akanitafutia pampu iliyokwisha kutumika, akaifunga. Hapakuwa na mabadiliko yoyote. Wa tatu alifungua boneti, akasikiliza kwa nukta chache, akatikisa kichwa na kutoa hukumu: turbo imekufa. Bei aliyoitaja ilikuwa karibu theluthi moja ya fedha niliyonunulia gari lenyewe.

Siwalaumu sana mafundi hao. Hakuna aliyeniambia uongo kwa makusudi. Kila mmoja alitaja kitu ambacho kwa kweli huweza kuleta dalili kama zile. Kosa lilikuwa la njia iliyotumika: walikisia, nami nikalipia makisio yao.

SAFARI YA DZALEKA

Mwenzangu mmoja wa kazini ndiye aliyenishauri niende Dzaleka. Unatoka Lilongwe kwa barabara kuu ya M1 kuelekea kaskazini, unapita Lumbadzi karibu na uwanja wa ndege, kisha unakata kulia kwa njia iendayo Boma la Dowa. Safari yote haifiki kilomita 60. Wakati wa utawala wa Rais Kamuzu Banda, Dzaleka palikuwa gereza walikofungwa wapinzani wa kisiasa. Mwaka 1994 pakafanywa kambi ya wakimbizi. Ilikusudiwa watu wapatao 10,000 hadi 12,000, lakini leo wamo zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Mtanzania akifika sokoni hapo atadhani amekosea njia akatokea Kigoma, maana Kiswahili ndicho kinachonunua vitunguu, kinachosuluhisha ugomvi na kinachoimba makanisani.

Fundi niliyeelekezwa kwake alikuwa amefanya kazi Lilongwe kwa miaka kadhaa, na wateja wake walimjua. Lakini sheria ya Malawi yataka wakimbizi wakae kambini, na mwezi Machi 2023 serikali iliagiza wote waliokuwa wakiishi mijini na vijijini warudi Dzaleka. Naye alirudi, na vifaa vyake katika masanduku mawili. Akitaka kutoka lazima awe na kibali.

Nilimkuta chini ya turubai la buluu, mzee wa miaka hamsini na kitu, mikono myeusi kwa oili. Nilianza kumweleza kwamba turbo imekufa. Aliinua mkono kunizuia.

"Mzee, usinitajie turbo. Gari haijasema bado. Wacha kwanza iseme."

MAHOJIANO

Alinikalisha juu ya gurudumu kuukuu akaniuliza maswali kwa robo saa nzima, kabla ya kugusa boneti. Tatizo huanza injini ikiwa baridi au ikiwa moto? Hutokea gari likiwa limesimama, likitembea polepole, au likikanyagwa kwa nguvu? Taa huwaka tu, au huwaka na kuzima? Oili hupungua? Petroli nimenunua wapi? Kitu gani kimebadilishwa, na baada ya kubadilishwa kilitokea nini? Kila jibu aliliandika kwa kalamu ya risasi katika daftari la shule.

Swali la petroli lilinitia aibu. Miezi ile Malawi ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta, na foleni katika vituo zilikesha. Siku moja nilichoka kungoja nikanunua lita ishirini katika madumu kando ya barabara. Nilipomwambia, alipiga mstari chini ya jibu hilo.

Kisha akaniambia jambo ambalo tangu siku ile silisahau. Taa ya injini ikiwaka na kutulia, unaweza kuendesha taratibu mpaka kwa fundi. Ikiwaka na kuzima, maana yake silinda mojawapo haichomi, na petroli isiyochomwa inakwenda kuunguza kifaa cha kusafishia moshi kilicho katika bomba la sailensa. Hapo dereva hana budi kuondoa mguu. Mimi nilikuwa nimeendesha hivyo kwa siku nne.

USHAHIDI

Baada ya maswali alitoa mashine ndogo ya kupimia, isiyozidi ukubwa wa redio ya mkononi, akaichomeka chini ya usukani. Kompyuta ya gari huhifadhi namba za makosa, na namba hizo hufanana kwa magari mengi ya kisasa. Zilitoka mbili: P0302 na P0299. Ya kwanza yasema silinda ya pili imekosa kuchoma. Ya pili yasema hewa ya turbo haifiki kiwango kinachotakiwa.

Nilidakia: "Si nilikwambia ni turbo?"

Akacheka. Akaeleza kwamba namba hiyo hutaja hewa iliyopungua, wala haisemi imepungua kwa sababu gani. Ni sawa na mtu aliyepiga simu kituoni kusema amesikia kelele. Polisi huenda akatazame. Hamkamati mwenye nyumba kwa sababu ya kelele.

Alianza na silinda ya pili. Kila silinda ya injini hii ina koili yake juu ya plagi. Akaichomoa koili ya silinda ya pili akaiweka katika ya tatu, na ya tatu akaiweka katika ya pili, akafuta namba za makosa, tukaenda mwendo wa dakika kumi. Tuliporudi mashine ilisoma P0303. Ugonjwa ulikuwa umeifuata koili. Hapo hapakuwa na shaka tena, na jaribio lenyewe halikugharimu hata tambala moja. Laiti fundi wa kwanza angefanya vivyo hivyo, plagi nne zisingenunuliwa.

Kwa hewa, alitangulia kupapasa mabomba yote ya mpira kutoka turbo mpaka injini, akikagua vibano vyake kama kuna alama ya oili, maana panapovuja hewa oili nayo hujitokeza. Mabomba yalikuwa mazima. Kisha akalifungua bomba la kuingizia hewa, akaniambia nitie kidole nishike ncha ya mhimili wa turbo niutikise. Ulicheza kidogo sana, kama inavyotakiwa, wala magurudumu yake hayakugusa ukuta. Palikuwa pakavu. Turbo iliyohukumiwa kifo mjini ilikuwa hai.

Mwisho akaingia uvunguni, akafungua skrubu tatu na kutoa valvu ndogo iliyoshikamana na turbo. Kazi yake ni kuirudisha hewa nyuma dereva anapoondoa mguu. Ndani yake mna kiwambo cha mpira, na katika magari ya miaka ile kiwambo hicho hupasuka kwa joto na uzee. Aliinua valvu juani nikaona mwanga ukipita katika ufa. Hewa yote tuliyokuwa tukiitafuta ilikuwa ikirudi kwa njia hiyo.

Kuhusu petroli, alichota kidogo kutoka katika njia ya filta akaitia katika chupa nyeupe, akaiweka kivulini. Baada ya nusu saa mstari ulionekana: juu petroli, chini maji. Maji hayachanganyiki na petroli, nayo ni mazito zaidi, basi hushuka. Hilo ndilo lililokuwa likiitia injini homa ya asubuhi.

Kwa hiyo makosa yalikuwa matatu: koili, valvu na maji. Kila moja lilikuwa dogo, lakini yalikuja pamoja yakaonekana kama ugonjwa mmoja mkubwa. Wapelelezi wanaijua hali hiyo. Wezi watatu wakiingia usiku mmoja kwa njia tatu, kila shahidi husimulia kisa chake.

KIKOMBE CHA CHUMA

Nilidhani kazi imekwisha. Yeye aliongeza moja ambalo halikuwa na dalili. Injini ya namna hii ina pampu ya pili inayosukuma petroli kwa shinikizo kubwa sana, nayo huendeshwa na kamshafti kupitia kikombe kidogo cha chuma. Kikombe hicho huisha polepole bila ya kupiga kelele. Kikitoboka, kamshafti huila pampu, na chembechembe za chuma huingia katika oili ya injini nzima. Alitoa shinikizo kwanza, kwa kuwa petroli ile ikiruka huweza kumpofusha mtu au kuwasha moto, kisha akaifungua pampu. Rangi nyeusi ya kikombe ilikuwa imelika katikati na chuma kinameta. Hakikuwa kimetoboka.

"Miezi michache tena," alisema, "ungelia."

Vile vile aliuliza juu ya belti ya taimingi na oili ya giaboksi. Sikuwa na karatasi yoyote. Kanuni yake kwa mambo hayo ni fupi: kisicho na ushahidi wa kubadilishwa, kihesabiwe hakijabadilishwa. Belti ikikatika, valvu na pistoni hugongana, na injini huwa chuma chakavu kwa nukta moja. Giaboksi ya gari langu, yenye klachi mbili zinazolowa katika oili, hutaka oili mpya kila baada ya kilomita 60,000.

KWA NINI HABAHATISHI

Nilimwuliza alikojifunza uangalifu huo. Jibu lake halikuwa nililolitazamia.

Alisema alipokuwa na karakana Lilongwe naye alibahatisha kama wengine. Duka la spea lilikuwa hatua mia moja. Kitu kisipofaa alikirudisha, akachukua kingine. Tangu arudishwe kambini hawezi kwenda dukani atakavyo. Mteja ndiye aendaye mjini, na mteja akirudi na kitu kisicho sahihi, safari imepotea, nauli imepotea, na yeye ameharibikiwa jina mahali ambapo jina ndilo mtaji wake wote. Kwa hiyo amejifunza kutomtuma mtu mpaka awe na hakika ya asilimia mia.

Alinikabidhi karatasi yenye vitu vinne: koili moja, filta ya petroli, valvu, kikombe. Mbele ya kila kimoja aliandika namba aliyoisoma katika kile cha zamani, na akanionya nisikubali kuambiwa kwamba "zinafanana". Koili na filta nilivipata Lilongwe. Valvu na kikombe viliagizwa Johannesburg vikaja kwa basi baada ya siku kumi na mbili.

Niliporudi alisafisha tangi, kisha akafunga kimoja kimoja, na baada ya kila kimoja tukalijaribu gari. Nilipomhimiza avifunge vyote kwa mara moja, alikataa. Ukibadilisha vitu vitatu pamoja na gari likapona, alisema, hutajua ni kipi kilichokuwa kibovu, na lisipopona hutajua pa kuanzia.

BREKI

Jioni gari lilikuwa limefufuka. Lilivuta vilivyo, na taa ikazimika. Nilinyoosha mkono nipewe funguo.

"Funguo sitakupa, Mzee. Hatujaangalia breki."

Nilikasirika. Breki zilikuwa zikishika, na jua lilikuwa linashuka. Hakubishana nami. Alipiga jeki, akatoa gurudumu la mbele. Pedi ya nje ilikuwa nzuri, na hiyo ndiyo inayoonekana mtu akichungulia katikati ya rimu. Pedi ya ndani ilikuwa imebakia unene wa kadi. Pini zinazoiwezesha kalipa kuteleza zilikuwa zimeshika kutu, basi upande mmoja ulikuwa ukifanya kazi ya pande mbili. Mafuta ya breki yalikuwa meusi. Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa mwaka baada ya mwaka, na breki zikipata moto mkali unyevu huo huchemka, pedali ikazama chini bila ya kushika. Ndiyo maana hutakiwa kubadilishwa kila baada ya miaka miwili hivi.

Kisha akanionyesha tairi. Ubavuni pana tarakimu nne zinazotaja juma na mwaka wa kutengenezwa. Za mbele zilisoma 1813, yaani juma la 18 la mwaka 2013. Zilikuwa na umri wa miaka kumi na moja. Aliyeniuzia alizipaka dawa zikang'aa, nami nikahesabu kina cha mitaro yake nikaridhika. Alipoukunja mpira kwa bisibisi, nyufa zilifunguka kama udongo wa kiangazi.

Juma lililotangulia ugonjwa nililiendesha gari lile kwa mwendo wa kilomita 140 kwa saa, na watu watatu ndani.

"Injini ikifa hukulaza njiani," alisema fundi. "Breki zikifa hukulaza kaburini. Mimi nimeirudishia gari hii nguvu. Nikiiacha bila breki, mimi ndiye niliyekuua."

Gari lililala Dzaleka siku nyingine tatu, nami nilirudi mjini kwa basi dogo kutafuta pedi, mafuta ya breki na tairi mbili. Niliona haya, maana jeshini tulifundishwa kukagua breki za lori kabla ya safari, kila siku, na mimi mwenyewe nilipata kuwafundisha vijana.

Siku nilipolichukua gari nilirudi Lilongwe wakati wa magharibi. Msomaji aliyepita barabara ya M1 saa hizo anajua hali yake: baiskeli zilizosheheni mkaa bila taa, watu wanaotembea kando ya lami, mbuzi. Karibu na Lumbadzi mkokoteni wa ng'ombe uliingia barabarani kutoka gizani. Nilikanyaga breki, gari likasimama wima bila ya kuyumba, mkokoteni ukapita. Mwenye ng'ombe alinipungia mkono. Hapakuwa na lingine la kusimulia.

KWA ANAYENUNUA

Ndugu msomaji, kama umeazimia kununua gari la namna hii, au gari lolote lililokwisha kutumika, haya ndiyo niliyoyanunua kwa bei ghali nawe yapate bure.

Nenda ukalitazame asubuhi, na umwambie mwenyewe asiliwashe kabla hujafika. Gusa injini, ikiwa imekwisha kupashwa moto, pana kinachofichwa. Tazama namba ya chesisi na uilinganishe na karatasi herufi kwa herufi. Kwa hilo polisi hahitaji mwalimu. Soma tarakimu za tairi. Tazama pedi ya ndani, si ya nje. Mtake mwenye gari akubali mashine ya kupimia ichomekwe, na akikataa, shukuru uondoke. Weka kando fedha ya matengenezo ya mwanzo kabla ya kulipa bei, maana bei ya gari haiishii siku ya kununua.

Likikusumbua baada ya kulinunua, andika dalili katika daftari: siku, saa, injini baridi au moto, mwendo gani, petroli ya wapi. Mpe fundi dalili, usimpe jina la ugonjwa. Akikutajia kitu cha kununua, mwulize swali moja tu kwa adabu: "Umejuaje?" Fundi wa kweli hatachukia, atakuonyesha. Asiyeweza kuonyesha, mlipe muda wake, umwage kwa heri, uende kwingine.

Na kabla ya yote hayo, anza na vile vinavyolisimamisha gari, kisha vinavyolipindisha, na mwisho vinavyolikimbiza. Sisi wanunuzi wa magari ya mbio huanzia mwisho.

Ujira aliotaka fundi wa Dzaleka kwa kazi yote ulikuwa mdogo kuliko bei ya ile pampu ya bure niliyofungiwa mjini. Nilimwongezea, akapokea kwa mikono miwili. Kwa Kichewa neno "leka" maana yake ni kuacha, na wenyeji husema jina la mahali pale lilikuwa la kumtisha mfungwa aache alilokuwa akilitenda. Mimi nililoliacha huko ni kununua spea kwa kukisia. Pampu ile bado ninayo, ndani ya sanduku la gari, na kila anionaye nayo huniuliza ni ya nini.